Ufa wa Mai Mahiu uingie darasani

Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi ilipasuka karibu na Mai Mahiu nchini Kenya na kuikata barabara ya Narok. Picha zilisambaa duniani kote pamoja na habari kwamba Afrika inagawanyika vipande viwili. Wanajiolojia kadhaa walikataa. Walieleza kuwa ufa ule ulikuwepo zamani, umefukiwa na majivu ya volkano. Maji ya mvua yaliyachukua majivu hayo kutoka chini, na ardhi ya juu ikaporomoka.

Kwa mwalimu wa jiografia mwenye wanafunzi wa miaka 15, sioni somo bora kuliko hili, mradi asianze kwa kuwapa jibu. Awape picha na madai yote mawili, kisha waamue wenyewe.

Watafika kwenye hesabu upesi. Mabamba ya Bonde la Ufa hutengana kwa milimita chache tu kwa mwaka. Tuchukue 5: upana wa mita 10 ungehitaji miaka 2,000. Mbona ufa huu umefunguka katika msimu mmoja?

Hapo ndipo karai liingie. Litobolewe upande mmoja chini, lijazwe udongo wa mfinyanzi, liachwe juani hadi udongo upasuke. Nyufa zijazwe majivu ya jikoni na kufunikwa kwa udongo laini. Mwanafunzi mmoja anyunyize maji kwa kopo lenye matundu, mwingine achunguze yanayotoka. Mwanzoni maji huzama tu. Baadaye yatokayo huwa ya kijivu, ilhali juu bado kumetulia. Wengi watadhani jaribio limekwama. Mwalimu avumilie. Udongo wa juu utabonyea, kisha utadondoka.

Mwerevu mmoja atauliza: na ufa wa kwanza ulitoka wapi? Swali hilo linarudisha Bonde la Ufa mezani, safari hii kwa sababu mwanafunzi mwenyewe analihitaji.

Najua walimu wanabanwa na silabasi na mitihani. Lakini Desemba 2023 tope la mlima Hanang liliifunika Katesh, Tanzania, na zaidi ya watu 80 wakafa. Serikali ilieleza kuwa sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ikameguka. Vijana wanaoishi chini ya miteremko ya namna hiyo wana haki ya kujua maji hufanya nini ndani ya udongo. Korongo lililo jirani na shule lipimwe kwa vigingi na futi kamba kabla ya masika, lipimwe tena mvua zikiisha, na vipimo vibandikwe ukutani kwa darasa la mwaka ujao.