Upinde na Amana

Vijana wetu, kulenga mshale ni ufundi uliosifiwa na Mtume wetu (S.A.W.): aliwapitia watu wa Aslam wakishindana shabaha, akawahimiza. Lakini yeye huyo huyo alikataza kiumbe hai kufanywa shabaha.

Sisi tunaosomesha hapa Chokocho twaiona hekima ya katazo hilo kisiwani mwetu. Popo wakubwa wa Pemba, walao matunda na kueneza mbegu za miti, waliwindwa hata kufikia 1989 wakawa karibu kwisha. Katika miaka ya 1990 wanavijiji wakaunda vikundi vya kuwalinda, kama kule Kidike. Kufikia 2008 popo hao walikadiriwa kuwa zaidi ya 20,000.

Basi, enyi wazee, mumfundishapo kijana kuvuta upinde, mfundisheni kwanza wakati wa kuulegeza. Mwitu ni amana, na mwenye amana ataulizwa.