Datsun za Safari: kabureta ni mtaji, mpira wa mafuta ni hasara

MAGARI ya zamani ya michezo yamegeuka bidhaa ya akiba katika nchi nyingi, na mojawapo ya yaliyopanda bei kwa kishindo ni Datsun 240Z, gari la Kijapani ambalo kwa miaka mingi lilihesabiwa kuwa chakavu la kawaida. Lilipoingia soko la Marekani mwaka 1970 liliuzwa dola 3,526. Januari 2020 gari moja la aina hiyo, la mwaka 1971, liliuzwa mnadani nchini humo kwa dola 310,000. Habari za namna hiyo zikifika Mbulu, Katesh au Babati, mwenye mtaji mdogo huanza kuulizia magari yaliyofunikwa maturubai nyuma ya nyumba za watu.

Tahadhari inahitajika. Gari lile la mnadani lilikuwa limetembea maili zisizofika 22,000 na lilikuwa bado na vifaa vyake vya kiwandani. Gari lililolala miaka 20 katika ua wa Arusha au Nairobi, likapitia mikono ya mafundi wanne, si bidhaa ile ile hata kama jina ni moja. Tofauti ya thamani kati ya magari hayo mawili haiko kwenye rangi. Sehemu kubwa iko kwenye mfumo wa mafuta, na ndiyo sehemu ambayo mnunuzi wa kwetu huitazama mwisho, baada ya kupiga teke matairi na kufungua milango.

Jina la gari hili katika Afrika Mashariki lilijengwa na mashindano ya Safari. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa 240Z, na nyingine iliyoendeshwa na Shekhar Mehta ikashika nafasi ya pili. Mwaka 1973 Mehta na Lofty Drews wakashinda baada ya kulingana pointi za adhabu na Harry Källström, naye akiwa na Datsun. Katika miaka ya 1960 njia za Safari ziligusa pia Mbulu, ambako mteremko wa Magara uliwatesa madereva kwa tope. Wazee wa upande huo wanaokumbuka magari yakivutwa kwa kamba hawajaisha. Kwa hiyo mtu anaposema ana Datsun ya zamani iliyobaki tangu enzi hizo, habari hiyo si ya kupuuzwa. Wala si ya kulipiwa bila kufungua boneti.

Chini ya boneti kuna injini ya L24, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa lita 2.4. Ubavuni zimefungwa kabureta mbili za Hitachi, zilizotengenezwa kwa mfumo wa SU wa Uingereza: ndani kuna pistoni inayopanda na kushuka kwa mvuto wa hewa, ikiwa imeshika sindano nyembamba inayopima petroli. Zile zenye kichwa cha duara ndizo zinazotafutwa. Magari ya Marekani ya mwaka 1973 yalipewa aina nyingine yenye kichwa bapa ili kukidhi sheria za moshi, nayo ilisumbua kiasi kwamba wenye magari wengi waliing'oa na kurudisha ya duara. Hapo ndipo mahitaji yalipotokea na hapo ndipo bei inaposhikiliwa hadi leo.

Kosa linalofanyika sana ni hili. Gari linakosa nguvu, fundi anasema kabureta zimekufa, anazing'oa zote mbili na kufunga moja ya gari jingine kwa bomba la kuchomelea. Gari linawaka. Kabureta za zamani zinatupwa kwenye pipa la vyuma chakavu na kuuzwa kwa kilo. Mwenye gari anadhani ameokoa fedha, kumbe ametoa kwenye gari kitu ambacho mnunuzi wa baadaye atalazimika kukiagiza kutoka ng'ambo, na atakikata kwenye bei.

Ukweli ni kwamba bodi ya kabureta hizi haifi kirahisi. Kinachokufa ni gasketi, oringi, sindano ya bakuli la floti, na njia ya ekseli ya kipepeo inayolika hadi kuvuta hewa ya pembeni. Vitatu vya kwanza hupatikana katika pakiti moja ya matengenezo. Keyster ya Japani ni miongoni mwa viwanda vinavyozitengeneza. Cha nne ni kazi ya mashine ya kukereza: ekseli hutolewa, tundu likapanuliwa kwa kipimo na bushi ikatiwa. Mkerezaji hodari wa Arusha au Babati anaiweza akipewa kipimo sahihi na muda.

Kuna jambo ambalo mafundi wa haraka hawalijui. Pistoni ya kila kabureta imeoanishwa na kifuniko chake tangu kiwandani. Kabureta mbili zikifunguliwa na vipande vyote kutiwa kwenye beseni moja la petroli, kisha kurudishwa kwa kubahatisha, pistoni hukwama au huvujisha hewa na injini haitatulia tena. Mwenye gari anunue mabeseni mawili. Sindano nazo zina namba ndogo iliyochongwa shingoni. Ya asili kwa kabureta za duara za 240Z ni N27. Mnunuzi asiyeona namba hiyo aulize imekwenda wapi.

Upande wa pampu ndiko kwenye hatari ya moto. Pampu ya asili haitumii umeme. Inasukumwa na kamshafti ikiwa imefungwa kichwani mwa injini, na hutoa msukumo mdogo, kama pauni 4 kwa inchi ya mraba. Kabureta imezoea huo. Pampu za umeme zinazotolewa kwenye Toyota za kisasa zenye injeksheni zimeundwa kwa msukumo wa pauni 40 na zaidi, mara kumi ya ule. Kwa kuwa pampu hizo zimejaa madukani na bei yake ni nafuu, zipo gari zilizofungwa kitu hicho. Sindano ya bakuli haiwezi kuzuia msukumo wa namna hiyo. Petroli hufurika na kumwagika juu ya bomba la moshi, kwani katika injini hii kabureta na mabomba ya moshi viko upande mmoja, kabureta zikiwa juu. Hakuna haja ya kueleza kinachofuata.

Habari njema kwa mfuko ni kwamba injini za L16 na L18 zilizokuwa kwenye Datsun za saluni na pikapu za wakati ule ni za familia moja na L24. Pampu zao hufungwa mahali pale pale na mara nyingi huingiliana. Anayezunguka gereji za Babati, Singida au Arusha akitafuta pampu ya 240Z atajibiwa kuwa haipo. Akiulizia pampu ya pikapu ya Datsun ya zamani, huenda akaonyeshwa moja kwenye kopo. Kabla ya kuifunga anuse kijiti cha oili cha injini iliyotoka: ikinuka petroli, mpira wa ndani ya pampu umepasuka na mafuta yamekuwa yakishuka kwenye oili.

Mipira ya mafuta ndiyo kitu cha bei ndogo kuliko vyote na ndiyo inayoteketeza magari. Njia ya kwenda ni mpira wa milimita 8, ya kurudi tangini ni milimita 6. Ununuliwe mpira wenye maandishi ya kiwango ubavuni, SAE J30 R7 au R9. Wa R9 hustahimili zaidi petroli iliyochanganywa spiriti. Mpira wa maji au wa pampu ya upepo unafanana nao kwa macho, lakini petroli huulainisha, huubomoa kutoka ndani na kupeleka vumbi jeusi kwenye kabureta. Muuza spea wa Mbulu asiyekuwa na uhakika wa anachouza asikate mita mbili kwa sababu tu mteja ana haraka ya kwenda Dongobesh.

Tangi la gari hili huchukua lita 60 na likikaa nusu tupu kwa miaka hushika kutu. Chujio la plastiki angavu likifungwa kabla ya pampu litasema ukweli ndani ya siku moja: likigeuka rangi ya udongo wa Hanang, tangi halijasafishwa, chochote atakachosema muuzaji. Kulichomelea tangi ambalo halijaoshwa na kutolewa mvuke wote ni kujiua.

Kisha kuna suala la mwinuko. Nyanda za Mbulu ziko juu ya mita 1,700, na hewa huko ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takribani moja ya sita. Kabureta iliyopimwa Dar es Salaam itatoa petroli nyingi kupita hewa iliyopo. Plagi zitakuwa nyeusi na gari litakula mafuta. Dawa ni nati iliyo chini ya kila kabureta, ambayo ikipandishwa hupunguza petroli. Kipimo cha kuanzia ni mizunguko miwili na nusu kutoka juu kabisa. Lakini anayeirekebisha Mbulu mjini kisha akashuka Magara kwenda Mbuyu wa Mjerumani atakuwa ameshuka mamia ya mita hadi kwenye hewa nzito na joto la Ziwa Manyara, akiwa na petroli pungufu. Injini yenye petroli pungufu hupata joto kali na kuharibika, wakati yenye petroli nyingi huchafua plagi tu. Gari linalopanda na kushuka lipimwe kwa ajili ya bondeni, na mwenye gari avumilie moshi kidogo akiwa juu.

Sasa ununuzi. Kwa vitu vinavyopatikana karibu, yaani mipira, klipu, chujio na pampu ya familia ya L, Arusha inatosha, na kifurushi hufika Mbulu au Katesh kwa basi. Kwa vinavyozidi hapo wengi hukimbilia Kariakoo au Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi. Nairobi ina faida moja kubwa: Datsun nyingi zilikimbia na kufia huko, na ujuzi wa SU bado upo. Lakini wafanyabiashara wasidanganywe kwamba kitu kilichonunuliwa Nairobi kimesamehewa ushuru. Pakiti iliyotengenezwa Japani haiwi bidhaa ya Afrika Mashariki kwa sababu imepita Namanga. Cheti cha uasili hakiihusu. Risiti na karatasi zinazoonyesha kuwa ushuru umelipwa zitembee na mzigo.

Anayeagiza moja kwa moja kutoka ng'ambo akumbuke kwamba ushuru hupigwa juu ya bei pamoja na nauli na bima. Kwa hesabu ya mfano tu, pakiti mbili za dola 60 kila moja zikiagizwa pamoja kwa nauli na bima ya dola 50, thamani ya forodha ni dola 170. Zikipangwa kundi la asilimia 25, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya jumla, mzigo umefika dola 250.75 kabla ya tozo nyingine. Zikiagizwa mbali mbali, kila moja na nauli yake ya dola 50, jumla inakuwa dola 324.50. Zaidi ya dola 70 zimepotea bila kununua hata oringi moja. Biashara iliyopo hapa kwa muuza spea mdogo ni hiyo: kukusanya maagizo ya wenye magari watano au sita wa Arusha, Manyara na Singida na kuyaleta kwa safari moja. Kuweka kabureta nzima dukani kusubiri mteja ni kufungia mtaji.

Wapo watakaopewa badala ya Datsun gari la Peugeot 404, na historia yake hapa nchini ni nzito zaidi: Bert Shankland na Chris Rothwell, wakazi wa Tanzania, walishinda Safari kwa gari hilo mwaka 1966 na 1967. Yale ya injeksheni yana pampu ya Kugelfischer, mashine ya chuma yenye vipimo vya ndani ambavyo mafundi wachache sana duniani wanaviweza. Ikichakaa husafirishwa Ulaya. 404 yenye kabureta ni gari la kutembelea. 404 ya injeksheni yenye pampu iliyokwama ipigiwe hesabu ya pampu kwanza, ndipo gari.

Kwa 240Z, mnunuzi aende na tochi, kitambaa cheupe na chupa ya kunyunyizia kisafishio cha kabureta. Injini ikiwa inaunguruma taratibu, anyunyizie kidogo penye ncha za ekseli ya kipepeo. Mlio ukibadilika, hewa inavuja na gharama ya kukereza iondolewe kwenye bei. Kazi hiyo ifanyike injini ikiwa bado baridi, kwa sababu kisafishio hushika moto. Mipira yote ihesabiwe kuwa ya kubadilishwa hata kama inaonekana mipya. Na kama gari limefungwa kabureta ya kigeni, swali la kwanza kwa muuzaji liwe zile mbili za zamani ziko wapi. Zikiwa bado kwenye sanduku la mbao stoo, hata kama zimejaa kutu na buibui, ziandikwe kwenye hati ya mauzo na zipakiwe kabla fedha hazijatolewa.