Kinshasa ni karibu, Chililabombwe ni mbali

Ukiwa ku Katuba ao mu komini ya Kenya na unaita ndugu yako wa Kinshasa, kilomita zaidi ya 1.500, unalipa bei ya mu inchi, sawa vile unaita jirani wa Kamalondo. Lakini enda Kasumbalesa, kilomita karibu 90 toka hapa. Simama upande wetu, ita mwenzako wa Chililabombwe, pale tu ngambo ya mupaka: ile ni simu ya inje. Mayunite yanaisha mbele hamujamaliza kusalimiana.

Zamani za Zaïre simu ilikuwa ya waya, na simu ya karibu ilikuwa ya ndani ya muji. Telecel ilipokuja mu miaka ya 1980, waya iliondoka, bei ikabakia ya wakubwa. Ni Celtel, mwaka 2000, na Vodacom, mwaka 2002, ndio zilifikisha telefone ku soko. Tangu pale kilomita hazihesabiwe tena. Kinachohesabiwa ni kuta: rezo ya mwenye kuitwa inadai malipo kwa rezo ya mwenye kuita. Ndio sababu tunatembea na puce mbili, tatu. Na ukuta wa mupaka njo murefu kuliko yote, juu malipo yale yanapanda na kodi inaweza kuongezeka pale.

Nani anaumia? Si mwenye kuita shangazi siku ya Noeli. Ni mama mwenye kuagiza bunga ku Zambia, ni dereva wa kamyo aliyefungwa ku foleni siku tatu na bwana wa mizigo anamutafuta. Ku Kasumbalesa mufanya biashara ana namba ya 243 na namba ya 260, na anajua ni saa gani ya kubadilisha.

Wengine watatuambia: WhatsApp iko. Ndiyo, kwa mwenye telefone ya bei na mega za kununua.

Ukuta huu unaweza kupunguzwa. Celtel ilianza One Network mwaka 2006 kwa Tanzania, Uganda na Kenya (inchi, si komini yetu), na Kongo ikaingia mwaka 2007. Mwaka 2014 serikali za Kenya, Uganda na Rwanda zilifanya yao: ukiwa safarini mu zile inchi, kupokea simu ni bure, na kuita kuliwekewa kikomo cha senti 10 za dola kwa dakika.

Kongo iliingia mu Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Vizuri kwa Goma na Bukavu. Sisi wa Lubumbashi, jirani yetu ni Zambia, na Zambia haiko mule. Iko pamoja na sisi mu SADC na mu COMESA, na pale ndipo ARPTC na wenzake wa Lusaka wangeweza kukutana juu ya bei ya dakika moja. Kwa sasa, mama wa bunga anabip, kisha anangoja 260 imurudilie.