USO UKIWAKA BAADA YA KUPAKA KREMU: UFANYE NINI



Umenunua kremu, au jirani amekugawia kidogo katika kikopo. Umeipaka jioni. Siku ya pili uso unawaka kama umepakwa pilipili, macho yamevimba, mashavu yametoa vipele vidogo vidogo na ngozi inavuta. Karatasi hii ni kwa ajili yako. Ni kwa ajili pia ya mtu mwenye ekzema, yaani ngozi kavu inayowasha tangu utotoni, ambaye uso wake hukasirika upesi kuliko wa wenzake.

KWANZA, ACHA VYOTE

Acha kremu ile mpya. Acha pia sabuni ya harufu, poda, marashi, losheni na mafuta mengine yote ya usoni, hata yale uliyoyatumia miaka mingi bila shida. Ngozi iliyojeruhiwa haina uvumilivu. Kitu kilichokuwa chema jana leo kinaweza kuichoma.

Usijitibu kwa limau, chumvi kavu, dawa ya meno, majivu, javeli wala majani yaliyopondwa. Tunajua watu wengi hushauriwa hivyo na wazee wenye nia njema. Lakini limau ni asidi, na likipata jua juu ya ngozi huacha madoa meusi na wakati mwingine malengelenge. Dawa ya meno inaleta ubaridi kwa dakika tano na kidonda kwa siku tano.

Osha uso kwa maji peke yake, yasiwe ya moto. Usisugue. Kisha chukua kitambaa safi cha pamba, kama kipande cha kitenge kilichozeeka na kulainika, ukichovye katika maji yaliyochemshwa na kupoa, ukamue kidogo na ukilaze usoni kwa dakika 10. Fanya hivyo mara tatu au nne kwa siku. Kama ngozi inatoa majimaji, weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa juu, katika nusu lita ya maji hayo. Kitambaa hicho kifuliwe kila siku na kianikwe juani, wala mtu mwingine asikitumie.

Ukimaliza, uso ukiwa bado una unyevu, paka vaselini nyeupe isiyo na harufu, kiasi kidogo tu. Vaselini haitibu, inafunika tu, na kazi hiyo ndiyo inayotakiwa. Ni bei nafuu, haina maji ndani yake wala manukato, na ni vitu vichache sana madukani vinavyoleta taabu kidogo kama hiyo. Chovya kwa kidole kilichonawa, au kwa kijiko safi, ili kopo lisiingie uchafu. Kama majimaji bado yanatoka, endelea na kitambaa kwanza, vaselini ifuate pale ngozi inapoanza kukauka.

KWA NINI IMETOKEA

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni ngozi kuchomwa na kitu kikali. Hii humpata mtu yeyote, na huonekana upesi, pengine saa hiyo hiyo. Ya pili ni mzio, yaani mwili wa mtu fulani kukikataa kitu ambacho wengine wanakivumilia. Mzio wa ngozi huchelewa: huja baada ya siku moja hadi tatu. Kwa hiyo usimlaumu samaki uliyemla leo asubuhi. Fikiri nyuma, juzi na mtondo ulipaka nini? Tena si lazima kiwe kilipakwa usoni. Rangi ya nywele, na ile hina nyeusi inayoitwa piko ambayo akina dada hupakwa wakati wa harusi, huwa na dawa inayoweza kuvimbisha kope za macho na masikio hata kama haikugusa macho. Mwenye kuvimba kwa namna hiyo mara moja asirudie tena maisha yake yote; mara ya pili huwa kali zaidi.

Mwenye ekzema yuko katika hatari zaidi. Tazama nyumba ya matofali ya udongo isiyopigwa lipu: mvua inaingia katika kila ufa. Ngozi ya ekzema iko vivyo hivyo. Mafuta yake ya asili ni machache, maji ya ndani yanatoka, na vitu vya nje vinaingia. Vumbi la kiangazi, moshi wa kuni na sabuni ya mche inayofulia nguo vyote huipunguzia lipu kidogo iliyobaki. Ekzema haiambukizi. Mama mwenye ekzema anaweza kumbeba mtoto, kupika na kula na wenzake bila hofu yoyote. Mara nyingi iko katika ukoo, pamoja na pumu.

Vitabu vingi vinasema ngozi iliyoungua huwa nyekundu. Juu ya ngozi nyeusi hutaona wekundu huo kila mara. Utaona sehemu imekuwa nyeusi zaidi, au ya rangi ya zambarau, au ya kijivu yenye magamba, na ukipitisha kidole utasikia joto na vipele kama punje za mchanga. Wahudumu wengine hawalitambui jambo hili. Waambie: "Hapa rangi imebadilika, hapa panawaka."

KREMU ZINAZOTOKA MJINI

Sasa tuseme wazi. Nyingi za kremu zinazoletwa kambini kutoka masoko ya Bujumbura, kama Ruvumera pale Buyenzi, ni za kawaida na hazina neno. Lakini kati yake zimo za kung'arisha ngozi, na zimo zile zilizochanganywa na muuzaji mwenyewe, ambazo watu huziita mkorogo. Hatuandiki haya ili kumcheka mtu. Dada anayeambiwa kila siku kwamba mweupe ndiye anayeolewa, au ndiye anayepewa kazi dukani, hakuyabuni maneno hayo yeye. Tunaandika kwa sababu vitu vitatu vilivyomo vinaumiza, na ni haki yako kuvijua.

Cha kwanza ni zebaki. Inazuia ngozi kutengeneza rangi yake, na rangi hiyo ndiyo kinga yako ya jua. Zebaki inapita ngozini na kuingia katika damu, inaharibu figo na mishipa ya fahamu, na kwa mama mjamzito inamfikia mtoto tumboni. Inabaki pia juu ya mto, taulo na shavu ambalo mtoto analibusu. Juu ya boksi huandikwa mercury, mercure, au calomel. Mara nyingine haiandikwi kabisa. Mkataba wa Minamata juu ya zebaki, ulioanza kufanya kazi mwaka 2017, unazikataza kremu hizo.

Cha pili ni hydroquinone. Mwanzoni inang'arisha. Ikitumiwa miezi na miaka, hasa kwa mtu anayetembea juani, inaweza kuleta madoa ya bluu na nyeusi mashavuni ambayo hayatoki tena. Afrika ya Kusini iliikataza katika vipodozi mwaka 1990, na nchi za Umoja wa Ulaya mwaka 2001. Jirani zetu wa Rwanda walianza kukusanya kremu za namna hii madukani mwishoni mwa mwaka 2018.

Cha tatu ndicho kinachodanganya kuliko vyote: dawa za hospitali za jamii ya kotizoni, kama clobetasol na betamethasone. Ni dawa za kweli, na daktari huziandika kwa ugonjwa maalum na kwa siku chache. Clobetasol ni miongoni mwa zilizo kali kuliko zote za aina yake, haifai uso. Ukiipaka juu ya ekzema, siku ya tatu uso ni laini kama wa mtoto, nawe unamshukuru muuzaji. Baada ya miezi ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, chunusi na nywele zinatokea. Ukiacha, uso unawaka vikali kuliko mwanzo. Unarudia kremu, moto unazimika, na hivyo unakuwa mteja wa kudumu.

Mateso hayo ya kuacha ni ya kweli, yanaweza kuchukua wiki kadhaa au miezi, lakini yanapita. Usiogope ukadhani umelogwa. Angalizo moja kubwa: kama umepaka kremu hizo mwili mzima kwa miezi mingi, usiache ghafula peke yako. Mwili wako unaweza kuwa umesahau kutengeneza kotizoni yake mwenyewe, na kuacha kwa ghafula kunaweza kuleta udhaifu mkubwa, kutapika na kuzimia. Nenda zahanati, useme kweli, upangiwe namna ya kupunguza.

MADOA YANAYOBAKI

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, nasi tunaomba usome polepole.

Moto ukishazimika, usoni hubaki madoa meusi au meupe. Hayo si ugonjwa mpya. Ni ngozi iliyojeruhiwa ikiwa bado haijasawazisha rangi. Huchukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, na mara nyingi hufifia yenyewe. Lakini mtu anajitazama kwenye kioo, anaona doa, anakwenda kununua kremu ya kuondoa madoa. Kremu hiyo inachoma tena, linatokea doa jingine kubwa kuliko la kwanza. Tumeshasikia wanaouza sehemu ya chakula cha familia ili kuendelea na mzunguko huu. Dawa ya doa ni kivuli: kofia pana, mwavuli, au kitambaa cha kichwa kilichovutwa mbele unapokwenda kuchota maji au kupanga mstari wa posho. Na subira.

Ngozi huonekana imepona ndani ya siku chache, lakini lipu yake ya ndani bado ni mbichi. Ngoja wiki nne kabla ya kujaribu kitu kipya. Hata hapo, kijaribu kwanza upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko, mara mbili kwa siku kwa wiki nzima. Mkono ukikikataa, uso hautakipenda. Kuhusu sabuni, usoni tumia ile ya kuogea isiyo na harufu kali, mara moja kwa siku jioni, na asubuhi maji yanatosha. Kama ya kuogea haipatikani mwezi huo, afadhali maji matupu kuliko sabuni ya kufulia. Akina baba wanaotumia poda ya kunyolea ndevu nao wasikilize: poda ile inayeyusha nywele, na ikikaa muda mrefu inayeyusha na ngozi.

WAKATI WA KWENDA ZAHANATI

Nenda siku hiyo hiyo, usingoje kesho, ukiona macho yamefunga au yanauma, midomo au ulimi umevimba, pumzi ni nzito, au una homa. Nenda pia kama ngozi inatoa usaha au ukoko wa rangi ya asali, kwa maana vijidudu vimeingia. Na mwenye ekzema akiona vidonda vidogo vya mviringo, vimejazana pamoja, vinauma na kuna homa, hiyo ni haraka ya kweli, hasa vikiwa karibu na jicho.

Mwezi Julai 2024 Burundi ilianza kupata wagonjwa wa mpox, ugonjwa ambao ulikuwa umeshaenea Kivu ya Kusini. Nao unaleta vipele usoni. Mara nyingi huja na homa, tezi zilizovimba shingoni au kwenye kinena, na vipele vyake huwa na maji au usaha, hata viganjani na sehemu za siri. Uso uliochomwa na kremu kwa kawaida hauna homa wala tezi. Usijiamulie peke yako, wala usimtenge jirani yako kwa kumtazama tu. Mhudumu wa afya ndiye wa kupambanua. Kuna pia choa, ambacho kikipakwa kotizoni hupoteza umbo lake na kuenea kimya kimya, na kuna baka jeupe lisilosikia ukiligusa, ambalo lazima lipimwe kwa sababu linaweza kuwa ukoma. Ukoma unatibika.

Zahanati inaweza kukupa dawa ya kupunguza muwasho usiku, au kotizoni hafifu iitwayo hydrocortisone ya asilimia 1, upake kidogo kwa siku chache tu, mbali na macho. Usimgawie mtu. Ikibidi, mhudumu ataandika karatasi ya rufaa. Huko Bujumbura kuna hospitali kubwa kama ile ya Kamenge na ya Prince Régent Charles.

Njoo na boksi au kichupa cha kremu yenyewe, hata kama ni tupu. Bila hicho mhudumu anakisia. Kama ni mkorogo usio na jina, lete kidogo kilichobaki na useme ulinunua wapi na umetumia muda gani. Hutaulizwa ili ushtakiwe.

Kremu unayoishuku kuwa na zebaki usiitupe motoni, kwa sababu moshi wake ni sumu kwa wote walio ndani ya nyumba. Usiitupe chooni wala karibu na bomba. Ifunge katika mfuko wa plastiki, mifuko miwili ikiwezekana, iweke mbali na watoto, na uikabidhi zahanati. Foronya na taulo ulizotumia zifuliwe peke yake, zisichanganywe na nguo za mtoto.