HIVI MTU UNAMLILIAJE MTU AMBAYE HAKUJUI?

Leo nina mada ambayo wengi huwa tunaifanyia utani, halafu siku ikitufika tunajificha chooni kulia.

Jumamosi tarehe 7 Aprili 2012, kesho yake ni Pasaka. Niko kwa kinyozi hapa pembeni ya barabara kuu ya Moshi-Arusha, nasubiri zamu yangu. Redio ikatangaza kwamba Steven Kanumba amefariki usiku wa kuamkia siku ile, huko Dar es Salaam. Kinyozi akazima mashine. Dada aliyekuwa anauza vocha mlangoni akakaa chini, akaanza kulia kama kafiwa na kaka yake.

Mzee aliyekuwa kwenye kiti akamuuliza, "Binti, ni ndugu yako?"

"Hapana, babu."

"Ulishawahi kumwona?"

"Kwenye sidii tu."

"Sasa unalilia sidii?"

Tukacheka wote, na mimi nikiwemo. Dada akaona aibu, akafuta machozi, akaendelea kuuza vocha.

Alhamisi yake ilikuwa tarehe 12 Aprili. Nikamkuta mzee yule yule kijiweni anasimulia siku kama hiyo mwaka 1984, Edward Sokoine alipofariki kwa ajali ya gari mkoani Morogoro. Anakumbuka alikuwa wapi, redio ilikuwa ya nani, na jinsi alivyoshindwa kumaliza chakula. Nikamuuliza kama aliwahi kukutana na Sokoine. Akanyamaza kidogo, akasema, "Hapana. Lakini alikuwa wetu."

Jibu la mada yetu liko hapo hapo!

Tuanze na mazoea. Mwaka 1956 wataalamu wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika kuhusu urafiki wa upande mmoja kati ya watazamaji na watu wa kwenye redio na televisheni. Ukimsikia mtu kila siku, ukajua anavyocheka na anavyokasirika, moyo unamhesabu kama mtu wako. Kichwa kinajua kwamba yeye hakujui, lakini moyo hauna habari hiyo. Wangapi tulikaa na Kanumba kwenye mabanda ya video kuliko tulivyokaa na wajomba zetu?

La pili ni ndoto. Kanumba alitoka Shinyanga, akafika hadi kuigiza na Wanigeria, na alikufa akiwa na miaka 28 tu. Kijana wa mkoani akimtazama alikuwa anajitazama mwenyewe baada ya miaka kumi. Machalii wa Arusha wanalijua hili tangu 2006, Faza Nelly wa X Plastaz alipouawa hapa hapa Arusha. Kundi lile lilikuwa limeshapeleka rap ya Kiswahili na sauti za Kimaasai mpaka Ulaya. Mtu wa namna hiyo akiondoka, unamlilia yeye na unalilia ile njia aliyokuwa anakuonyesha.

La tatu, msiba huamsha msiba. Kuna mtu hakulia mama yake alipozikwa kwa sababu aliambiwa ajikaze, ana wadogo zake wa kuwatuliza. Miaka mitatu baadaye anafariki msanii, machozi yote yanamwagika siku hiyo. Ukimcheka, hujui unacheka msiba gani.

Sasa tatizo liko wapi? Kilio cha shabiki hakina mkeka. Ukifiwa na ndugu, majirani wanakuja, turubai linafungwa, watu wanakupa pole na wanalala kwako, mpaka siku ya kuanua matanga. Shabiki hana hata mtu mmoja wa kumwambia pole. Kilio kisicho na mahali pa kukaa kinatafuta pa kwenda.

Kuna wanaokipeleka kwenye umati. Tarehe 10 Aprili 2012 maelfu walijaa viwanja vya Leaders, Kinondoni, kumuaga Kanumba, na wengine walizimia. Baya zaidi lilitokea tarehe 21 Machi 2021, watu walipokwenda kumuaga Rais Magufuli uwanja wa Uhuru. Polisi walisema watu 45 walikufa kwenye msongamano, watoto wakiwemo. Walikwenda kuaga, wakaagwa wao.

Wengine wanakipeleka kwenye lawama. Kanumba alikuwa hajazikwa, lakini mitaani hukumu zilishatolewa, kila kijiwe na jaji wake. Mahakama Kuu ilitoa hukumu yake Novemba 2017: kuua bila kukusudia. Miaka mitano na zaidi! Katikati hapo kuna mama amefiwa na mwanawe, na binti mdogo anatukanwa na watu wasiomjua.

Kwa hiyo tufanyeje? Mimi nadhani tutandike mkeka wetu mdogo. Mshkaji wako akifiwa na msanii wake mpe pole, usimuulize kama ni ndugu yake. Kaeni pamoja muangalie filamu au msikilize nyimbo zake. Mkienda kuaga, watoto wabaki nyumbani, na mkiona watu wanasukumana rudini. Picha ya marehemu ikiingia kwenye simu yako iishie hapo hapo, maana ana mama na ana wadogo zake. Na ukiona siku zinapita huli, hulali, tafuta mtu mzima unayemwamini umweleze, au nenda zahanati. Hiyo sio aibu.

Yule dada wa vocha sikuwahi kumpa pole. Alihama, sijui aliko. Dada, kama unapita hapa: pole sana kwa msiba wa 2012.

Na wewe mdau, ni nani alikuliza na ulimficha nani? Uwanja ni wenu, ila matusi hapana.