Kulenga herufi: juu ya kusahihisha ulengaji wa lenzi ya makro

Wanaokusanya maandishi ya Kiswahili cha Kongo wanajua kwamba kazi haiishii kwenye kuyapata. Daftari huazimwa kwa usiku mmoja, hupigwa picha, kisha hurudishwa kwa wenyewe. Tangu siku hiyo inayosomwa ni picha, si daftari. Ndiyo maana tumeona inafaa kueleza hapa jambo ambalo kwa kawaida huachiwa wapiga picha, yaani namna ya kusahihisha ulengaji wa kamera yenye lenzi ya makro.

Tuanze na istilahi. Wanafunzi wetu husema « mise au point » hata katikati ya sentensi ya Kiswahili fasaha. Sisi tutatumia kitenzi kulenga, kwa kuwa lenzi, kama mwenye upinde, haiwezi kufikia shabaha mbili kwa mara moja. Kilicho katika umbali uliolengwa huonekana wazi. Kilicho mbele au nyuma yake hufifia.

Katika kamera za refleksi, zile zenye kioo ndani, sehemu ya nuru hupenya katikati ya kioo kikubwa, hugonga kioo kidogo kilicho nyuma yake, kisha huteremshwa hadi kwenye kihisio cha ulengaji kilicho chini. Kihisio hicho hakipigi picha. Hupima tu na kuiamuru lenzi isogee. Mfumo wote umesimama juu ya sharti moja: safari ya nuru hadi kihisio cha chini lazima iwe na urefu sawa na safari yake hadi kihisio cha picha. Kioo kidogo kikikaa upande kwa kiasi kidogo tu, kamera itatoa mlio wa kusema « tayari », nayo imekosa shabaha. Ikilenga karibu mno twasema imelenga mbele. Ikilenga mbali mno, imelenga nyuma.

Kwa makro hakuna nafasi ya kosa. Tukichukua kihisio cha milimita 24 kwa 36, na ukungu unaovumilika wa milimita 0.03, ukurasa mzima wa A4 kwa kitundu cha f/2.8 una kina cha uwazi cha milimita 13 hivi. Ukiukaribia ukurasa hata picha iwe nusu ya ukubwa wa kitu chenyewe, kina hicho hushuka hadi milimita 1. Kwa ukubwa kamili hubaki theluthi moja ya milimita.

Mwandishi wa makala haya alijifunza hayo kwa hasara. Familia moja ilimwazima daftari la marehemu baba yao, lililoandikwa kwa penseli iliyokwisha kufifia, na yeye akapiga picha mistari michache michache kwa kuikaribia. Picha zilipokuzwa, nyuzi za kitambaa cha meza zilihesabika moja moja, na herufi zilikuwa moshi. Kamera ilikuwa imelenga nyuma. Aliporudi kuomba daftari tena, mchwa walikuwa wamemtangulia. Leo hatujui kama mwenye daftari aliandika kusomesha au kusomisha, na kwa anayechunguza upatanifu wa irabu, swali hilo ndilo kazi yenyewe.

Marekebisho si magumu. Tangu 2007, kamera kama Canon EOS-1D Mark III na Nikon D300 zina sehemu katika menyu inayomruhusu mtumiaji kuisogeza shabaha kwa hatua 20 mbele au nyuma. Funga kamera kwenye miguu mitatu. Simamisha ubao wenye maandishi meusi, ulioelekezwa sawasawa kwa lenzi, na kando yake laza rula kwa mshazari wa digrii 45, sifuri yake ikiwa usawa wa ubao. Lenga ubao, usilenge rula, kwani eneo la kihisio ni pana kuliko alama unayoiona na laweza kunasa mstari mwingine. Fungua kitundu chote. Kabla ya kila picha vuruga lenzi kwa mkono, ili kamera itafute upya. Piga kumi, si moja, kwa sababu ulengaji hutofautiana wenyewe kidogo, nasi twataka kujua wastani wake. Sehemu iliyo wazi kwenye rula ikiwa nyuma ya sifuri, ongeza hatua za hasi. Ikiwa mbele, za chanya. Milimita 10 juu ya rula hiyo ni milimita 7 za kina.

Maelekezo ya kawaida husema upime kwa umbali wa mara 50 ya urefu wa fokasi: kwa lenzi ya milimita 100, mita 5. Nani asomaye daftari kutoka mita 5? Pima kwa umbali wa kazi yako, kwani sahihisho la mbali huenda lisifae karibu.

Na unapofika nusu ya ukubwa au zaidi, tungeshauri uache kabisa ulengaji wa kamera. Inua kioo, tazama picha kwenye skrini ikiwa imekuzwa mara 10, lenga kwa mkono, na ufunge kitundu hadi f/8. Kamera mpya zisizo na kioo hupima juu ya kihisio cha picha chenyewe, hivyo tofauti hii ya safari mbili haimo. Lakini idara nyingi bado zinafanya kazi na refleksi zilizonunuliwa mkononi, kila moja na kasoro yake. Andika sahihisho kwenye karatasi na uibandike chini ya kamera hiyo, pamoja na jina la lenzi na umbali uliopimia. Kisha, kabla ya kurudisha daftari, kuza picha zote na uzisome.