Milioni Moja: Nani Aliwahesabu?

Mimi ni mkaazi wa Nyayo Highrise. Kutoka kwetu ghorofani, mabati ya Kibera huonekana wazi. Muhula uliopita, katika mjadala wa chama chetu, nilisema kwa kishindo kuwa Kibera ina watu milioni moja. Nikapigiwa makofi. Kisha mwalimu akauliza, "Nani aliwahesabu?" Nikabaki mdomo wazi.

Jioni nikashika kalamu. Kibera ni takribani kilomita mraba 2.5, yaani mita mraba 2,500,000. Ukigawia watu milioni moja, kila mmoja apata mita mraba 2.5, nafasi ya kitanda tu! Na nyumba nyingi hazina ghorofa. Je, njia, shule, maduka na reli vitakaa wapi? Kumbe sensa ya 2009 ilipata watu 170,070. Ile milioni ilikuwa makisio yaliyorudiwa hadi yakaaminika.

Jamani, hili si jambo la mzaha. Idadi ndiyo hupanga vyoo, mabomba ya maji na madarasa. Ikizidishwa, mipango huenda kombo. Ikipunguzwa, majirani zetu watakosa haki yao. Hata sensa yaweza kuwaruka wengine.

Kwa hivyo, ukisikia tarakimu redioni au hata kwenye matatu, uliza: Watu walihesabiwa au walikisiwa? Lini? Mipaka ilikuwa ipi? Nani anafaidika ikiwa kubwa au ndogo?

Usione haya. Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Mimi nilijifunza mbele ya darasa zima!